Mwanzilishi, Mlowezi au Setla? Maneno ya Kiswahili na Urithi wa Lord Delamere Katika Historia ya Nakuru

Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji, ikawa ya nne nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Tukio kama hilo huwafanya watu watake kujua mji wao ulianzaje, na anayeuliza swali hilo kwa Kiswahili hupewa aghalabu jibu fupi: Nakuru ilianzishwa na Lord Delamere. Mwandishi wa makala haya amekwisha kusahihisha insha za wanafunzi zenye sentensi hiyo mara nyingi, na hapo zamani aliiacha ipite bila kuitia alama yoyote. Sarufi yake haina kosa. Upatanisho ni sawa, kauli ya kutendwa imetumika inavyopasa, na nukta iko mahali pake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kosa la sentensi hiyo limo katika kitenzi chenyewe, na kwamba mabishano yote juu ya urithi wa Delamere katika Bonde la Ufa la kati yanaweza kufuatwa kwa kuyachungua maneno machache ya Kiswahili: mwanzilishi, mahame, mlowezi, setla, mgeni na mwenyeji. Hatudai kwamba lugha peke yake yaweza kukata shauri la ardhi. Twadai tu kwamba shauri hilo limekwisha kukatwa nusu pale mtu anapochagua neno, naye hajui kuwa amekata.

Tuanze na mwanzilishi. Msomaji atakumbuka kwamba nomino hii imenyambuliwa kutoka kitenzi anza, kikaongezewa viambishi viwili, -il- na -ish-, tukapata anzilisha. Aliyeanza huenda ameanza kwa nafsi yake tu. Aliyeanzilisha amesababisha kitu kianze, tena kwa makusudi na kwa ajili ya wengine. Neno mwasisi lililotujia kutoka Kiarabu lina maana iyo hiyo ya kuweka msingi. Kwa hiyo, tukimwita mtu mwanzilishi wa mji tumesema mambo matatu kwa pamoja: kwamba kabla yake mji haukuwapo, kwamba alikusudia uwepo, na kwamba ulitokana na kazi yake. Na tuyapime matatu hayo moja baada ya jingine.

Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu, alizaliwa Uingereza mwaka 1870. Alirithi cheo na mashamba ya ukoo wake angali kijana, mwaka 1887, na kuanzia mwaka 1891 alikuwa akija Somalia kuwinda simba. Mwaka 1897 msafara wake uliotoka Somalia ukapitia Ethiopia na kushuka hadi nyanda za juu za Kenya. Miaka michache baadaye alirudi, safari hii si kwa uwindaji, na kufikia mwaka 1904 alikuwa amepata kwa serikali ya Himaya ekari 100,000 za ardhi huko Njoro, magharibi ya Nakuru, kwa mkataba wa kukodi wa miaka 99. Baadaye alijipatia shamba jingine kubwa, Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita, na huko ndiko alikozikwa alipofariki mwaka 1931 akiacha madeni makubwa. Katikati ya miaka hiyo alikuwa kiongozi wa Wazungu waliolima nyanda za juu, na msemaji wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1908 alisimamishwa ujumbe wa Baraza hilo kwa kuongoza maandamano hadi nyumbani kwa Gavana kudai vibarua. Mwaka 1923 aliongoza ujumbe wa walowezi kwenda London kupinga madai ya Wahindi. Na mwaka 1925 aliwaita viongozi wa walowezi wa nchi jirani wakutane Tukuyu, Tanganyika, kupanga shirikisho la Afrika ya Mashariki lililokuwa tofauti kabisa na lile tunalolizungumza sisi.

Hayo ndiyo maisha yake kwa ufupi, na ndani yake hamna kitendo cha kuanzilisha mji. Nakuru ilianza kama stesheni. Reli ya Uganda, iliyotoka Mombasa, ilifika hapo mwaka 1900 na kuendelea hadi Kisumu ilikofika mwishoni mwa mwaka 1901. Penye stesheni palihitajiwa maji ya magari ya moshi, bohari, maduka ya Wahindi na vibanda vya wafanyakazi waliotoka pwani, bara na ng'ambo ya bahari. Mwaka 1904 serikali ikapatambua rasmi kuwa mji mdogo. Aliyechagua mahali pa stesheni ni mhandisi wa reli aliyekuwa akitafuta mteremko unaofaa, na jina lake halimo katika insha ya mwanafunzi yeyote. Ni kweli kwamba mji huo ulikuja kukua kwa sababu ya mashamba yaliyouzunguka, hata ukahesabiwa kuwa makao makuu ya wakulima wa Kizungu, na kwamba Delamere alikuwa wa kwanza wao kwa ukubwa wa ardhi na wa sauti. Lakini mteja mkubwa wa duka si mwanzilishi wa duka.

Tukisema kwamba kabla ya reli mji haukuwapo, na hilo pia lataka kuangaliwa. Ndani ya mipaka ya jiji la leo kuna kilima kiitwacho Hyrax Hill. Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938, akafukua makaburi na makazi ya watu wa zama za mawe za mwisho, na pia mashimo ya mviringo ambayo wanahistoria huyaita mashimo ya Sirikwa, yaliyokuwa maboma ya ng'ombe miaka mia kadhaa kabla ya reli. Hatuwezi kuyaita makazi hayo jiji. Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba mtu aliyefika mwaka 1903 alikuta mahali pasipoanzishwa.

Majina yenyewe yanatoa ushahidi. Nakuru, kama inavyoelezwa kwa kawaida, ni neno la Kimaasai linalohusiana na vumbi. Njoro latokana na neno lenye maana ya chemchemi. Naivasha na maji yachafukayo. Soysambu na jiwe lenye rangi za mabaka. Wageni walipokuja waliyaandika majina haya vibaya, lakini waliyaandika. Msomaji anayependa mambo madogo ya lugha atafurahi kujua kwamba mojawapo ya mitaa ya zamani ya Nakuru huitwa Kivumbini. Hatuna haki ya kudai kwamba aliyeupa mtaa huo jina alikuwa akitafsiri Kimaasai. Upepo utokao ziwani wakati wa kiangazi wamtosha mtu kuwa sababu. Hata hivyo lugha mbili zimeyatazama mazingira yale yale zikasema neno lile lile, na kati yake hakuna jina la bwana yeyote.

Hapa twafika kwenye neno ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha shauri. Walioitetea siasa ya kuwapa Wazungu ardhi walisema kwamba nchi ilikuwa tupu. Maneno ya Kiswahili yaliyotumiwa kutafsiri hoja hiyo katika vitabu vya shule ni pori, nyika au ardhi tupu. Lakini Kiswahili kina neno jingine ambalo watafsiri hawakulitumia, nalo ni mahame: mahali palipokuwa na watu kisha wakahama. Pori halina historia. Mahame yana wenyewe, ijapokuwa hawaonekani.

Je, Bonde la Ufa la kati lilikuwa pori au mahame? Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliwaua ng'ombe wa Wamaasai kwa wingi usiosemeka. Ikafuata ndui, na njaa, na vita vya wao kwa wao. Msafiri aliyepita miaka kumi baadaye aliona majani marefu na watu wachache, akaandika alichokiona. Tena mfugaji, hata katika miaka ya neema, hakai mahali pamoja: malisho ya masika si malisho ya kiangazi, na nyasi anazoziacha nyuma ameziweka akiba, kama vile mkulima anavyolaza konde lake. Aliyefika katika miezi ya kulazwa kwa malisho aliona utupu pale ambapo mwenyewe aliona ghala. Kwa hiyo hata mahame si neno kamili. Lakini ni neno lililo karibu zaidi na ukweli kuliko pori, na lilikuwamo katika lugha siku zote.

Na serikali ilijua kwamba nchi ina wenyewe, maana iliandikiana nao mkataba. Mwezi wa Agosti 1904, Kamishna Donald Stewart na wazee wa Wamaasai, Olonana akiwa mkuu wao, walikubaliana kwamba Wamaasai waondoke katika Bonde la Ufa kandokando ya reli, wengine waende Laikipia kaskazini na wengine kusini. Ardhi hizo mbili ziliahidiwa kuwa zao maadamu kabila lao lipo. Wazee waliweka alama zao penye majina yaliyoandikwa na wengine, chini ya maneno ya Kiingereza. Miaka saba baadaye, mwaka 1911, mkataba wa pili uliwatoa Laikipia nako. Walipokwenda mahakamani, kesi inayojulikana kwa jina la Ole Njogo, waliambiwa mwaka 1913 kwamba makubaliano yale yalikuwa mapatano baina ya dola na dola, na kwamba mahakama za nchi hazina uwezo wa kuyasikiliza. Yaani watu wale wale waliohamishwa kama raia wasio na kauli waligeuka kuwa taifa la kigeni siku ile walipodai haki. Wanasheria wamelizungumza jambo hili sana. Sisi watu wa lugha yatupasa kuona kwamba liliwezekana kwa sababu neno moja la Kiingereza lilikuwa na maana mbili, na waliotia alama hawakuelezwa hata mojawapo.

Pana jambo la kusikitisha hapa ambalo wenzetu wa fani hii hawana budi kulikumbuka. Kamishna aliyetangulia Stewart, yaani Charles Eliot, ambaye ndiye aliyefungua mlango wa walowezi kwa moyo wote, alikuwa mtaalamu wa lugha. Aliandika sarufi ya Kifini kabla hajaja Afrika, na utangulizi wa kitabu cha Hollis juu ya lugha na masimulizi ya Wamaasai, kilichotoka mwaka 1905, ni wake. Kujua lugha ya watu na kuwahamisha watu si mambo yaliyogongana katika kichwa cha bwana yule.

Tuyaendee sasa maneno mawili ambayo kamusi huyafanya kuwa sawa: mlowezi na setla. Mlowezi latokana na kitenzi lowea, kuhamia mahali na kukaa moja kwa moja hata ukapazoea. Ni neno la pwani, la zamani, na halina uzito wa lawama kwa lazima. Hata mtu wa Pemba aweza kulowea Mombasa. Setla ni neno lililotoka Kiingereza na kuingia katika Kiswahili cha bara kwa njia ya mashamba. Kwa Kiswahili cha Kenya setla si kila aliyehama; ni Mzungu mwenye shamba kubwa, farasi, mbwa, na watu wa kumfanyia kazi. Mtu wa Nakuru aliyezaliwa miaka ya 1940 hawezi kukuambia kwamba babake alikuwa setla, hata kama alihamia huko kutoka mbali. Babake alikuwa skwota. Kwa maoni yetu wahariri wa vitabu vya historia waliobadilisha setla kuwa mlowezi kwa ajili ya usanifu wa lugha wamepoteza kitu. Wamechukua neno lililobeba shamba zima wakaweka neno lililobeba safari tu.

Maana setla hasimami peke yake. Yumo katika kundi la maneno. Skwota ni mtu aliyeruhusiwa kuishi na kulima kipande kidogo katika shamba la setla kwa sharti la kumfanyia kazi siku kadhaa za mwaka. Wengi wao walikuwa Wakikuyu waliotoka Kiambu, Murang'a na Nyeri, na sheria ya mwaka 1918 iliwafunga katika kazi hiyo. Kipande, neno la kawaida kabisa la Kiswahili, likawa jina la cheti cha mfanyakazi Mwafrika kwa sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, cheti kilichotiwa katika kijaluba cha bati na kuvikwa shingoni. Hata leo Wakenya wengi huita kitambulisho chao kipande bila kufikiri. Mnyapara alikuwa msimamizi wa wapagazi katika misafara ya pwani. Akapanda bara akawa msimamizi wa vibarua. Posho vilevile ilikuwa riziki ya mpagazi njiani, ikawa kipimo cha unga wa mahindi anachopewa kibarua shambani, na nchini Uganda imekuwa jina la ugali wenyewe. Delamere ana mkono wake hapa kwa namna ya ajabu kidogo: kampuni ya kusaga nafaka aliyoianzisha mwaka 1908 aliipa jina la Kiswahili, Unga. Alitaka kusaga ngano ya mashamba ya Wazungu. Katika maneno yote aliyotuachia, hilo ndilo watu walilolipokea bila kinyongo, labda kwa sababu lilikuwa lao tangu mwanzo.

Tena pana Kisetla. Hiki ni kile Kiswahili kilichopunguzwa ambacho setla alitumia kwa watumishi na vibarua, na ambacho wataalamu, mathalan Anthony Vitale katika makala yake ya mwaka 1980, wamekichunguza kama pijini. Tabia zake zajulikana. Upatanisho wa ngeli huanguka, kila kitu kikawa yangu, kubwa, ile. Ukanushi hufanywa kwa hapana mbele ya kitenzi: mimi hapana jua, yeye hapana kuja. Kitenzi cha kuwa na kuwapo kimejumlishwa katika iko. Lililo muhimu zaidi kwa shauri letu ni hali za kitenzi. Dhamira tegemezi, ile tunayoitumia kuomba, kushauri na kuelekeza kwa adabu, nilete, tukae, upumzike, ilikaribia kutoweka, ikabaki amri. Kitabu cha F. H. Le Breton cha mwaka 1936, kilichoandikwa kuwafundisha Kiswahili cha bara askari, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao, chaonyesha ni nani waliotarajiwa kusema na ni nani wa kusikiliza.

Lakini tusiharakishe. Imekuwa desturi kukitaja Kisetla kuwa ni lugha iliyoharibiwa na Wazungu, na hilo ni kweli nusu. Skwota Mkikuyu, mchungaji Mmaasai na karani Mhindi nao hawakuzaliwa na Kiswahili. Kila mmoja alikuja na sarufi ya kwao, na wote wakakutana katikati. Watoto wao waliokulia Bondeni na mitaa mingine ya Nakuru hawakubaki na Kisetla. Walichukua Kiswahili cha waislamu wa mjini, cha wafanyakazi wa reli, cha redio na cha shule, wakajenga Kiswahili chao cha bara ambacho kina dhamira tegemezi yake na adabu zake. Kilichobaki cha Kisetla ni vichekesho: mtu anapotaka kumwigiza bwana mwenye kiburi, hata kama bwana huyo ni Mwafrika mwenye gari kubwa, husema kwa Kisetla. Setla mwenyewe amekwenda, sauti yake imekuwa kinyago.

Insafu yatudai tuseme pia yale yanayosemwa na wanaomtetea Delamere, na baadhi yake ni ya kweli. Alizamisha mali yake yote katika majaribio ambayo mtu mwenye busara ya fedha asingeyagusa. Kondoo wake wa kigeni walikufa Njoro. Ng'ombe wake wakapatwa na maradhi. Ngano yake ikaliwa na kutu. Badala ya kuacha, aliajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu akatafuta ngano inayostahimili kutu katika ardhi ile ile, na kazi hiyo ndiyo iliyofungua njia ya kituo cha serikali cha mbegu kilichowekwa Njoro mwaka 1927. Kituo hicho kingalipo. Ilipotokea aina mpya ya kutu, iliyobainika Uganda na kuitwa Ug99, ni Njoro ambako tangu mwaka 2005 ngano za nchi nyingi za dunia zimepelekwa kupimwa. Ukimwita Delamere mwanzilishi wa kilimo cha ngano cha biashara katika nyanda za juu za Kenya, mwandishi huyu hatakuwa na ubishi. Hapo kitenzi kinatimiza masharti yake yote matatu.

Hata hivyo, masimulizi hayo hayo yana upande wa pili. Baadhi ya ng'ombe wa walowezi wa eneo hili walikonda na kufa katikati ya majani mazuri, na madaktari wa mifugo wakayapa maradhi hayo jina la mji wetu, Nakuruitis; hatimaye ikaonekana kwamba udongo umepungukiwa na madini ya kobalti. Mfugaji aliyehamisha makundi yake kutoka malisho hadi malisho, na kuyapeleka penye magadi, hakumlaza mnyama katika upungufu huo mwaka mzima. Waya wa setla ndio uliomfunga ng'ombe mahali pamoja. Elimu iliyoitwa uzururaji ilikuwa na sababu zake, na sababu hizo zilipatikana upya maabarani baada ya hasara nyingi.

Elspeth Huxley alipotoa wasifu wa Delamere mwaka 1935 kwa majuzuu mawili, aliuita *White Man's Country: Lord Delamere and the Making of Kenya*. Nusu ya kwanza ya jina hilo imekwisha kujibiwa na historia. Nusu ya pili, ile ya kuumbwa kwa Kenya, ndiyo iliyopenya katika insha za wanafunzi wetu, imevaa kanzu ya Kiswahili na kuitwa uanzilishi.

Baada ya uhuru mwaka 1963, barabara kuu ya Nairobi iliyoitwa Delamere Avenue iliitwa Kenyatta, na sanamu yake ya shaba iliyochongwa na Kathleen Scott iliondolewa mjini ikapelekwa Soysambu, nyumbani. Kilima kilicho karibu na Elmenteita, ambacho mgongo wake wafanana na mtu aliyelala chali, kina majina mawili hadi leo: wengine hukiita shujaa aliyelala, wakimwona moran wa Kimaasai, wengine hukiita pua ya Delamere. Jiwe ni moja. Jina la Delamere halikufutika, ila limeshuka daraja: kwa abiria wa matatu na mabasi yaendayo Nakuru, Delamere ni mahali pa kusimama karibu na Naivasha, kununua maziwa lala na kujinyoosha miguu. Kwa upande mwingine, jina la Maurice Egerton, lord mwenzake wa Njoro, aliyetoa ekari 740 mwaka 1939 kwa ajili ya shule ya kilimo ya vijana wa Kizungu, halikuguswa kabisa. Shule hiyo imekuwa chuo kikuu tangu mwaka 1987, na wahadhiri wa Kiswahili wanafundisha humo chini ya jina lake. Kwa nini mmoja aliondolewa na mwingine akaachwa? Jibu jepesi ni kwamba Egerton hakuwa mwanasiasa. Jibu jingine ni kwamba aliyeacha shule ameacha kitu ambacho warithi wake si watoto wake tu.

Warithi wa Delamere walibaki katika ardhi. Thomas Cholmondeley, ambaye katika mazungumzo aghalabu huitwa mjukuu ilhali kwa hesabu ya ukoo alikuwa kitukuu, alimpiga risasi na kumwua mtumishi wa Shirika la Wanyamapori huko Soysambu mwezi wa Aprili 2005, na shitaka likaondolewa na Mwanasheria Mkuu. Mwezi wa Mei 2006 mtu mwingine aliuawa kwa risasi yake. Safari hii alihukumiwa, mwaka 2009, kwa kosa la kuua bila kukusudia, akapewa kifungo cha miezi minane. Alifariki mwaka 2016. Katika kesi hizo watu walioandamana hawakulitaja jina lake la kwanza sana. Walisema Delamere, kana kwamba yule wa mwaka 1904 ndiye aliyekuwa kizimbani. Huko ni kukosea nasaba na kuipata historia.

Kwa upande mwingine, tangu mwaka 2007 Soysambu ni hifadhi ya wanyama ya ekari zipatazo 48,000, na ziwa Elmenteita liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011 pamoja na Nakuru na Bogoria. Katiba ya mwaka 2010 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa kukodi, tena kwa miaka isiyozidi 99. Ile tarakimu ya kwanza ya Njoro imerudi, baada ya sheria ya mwaka 1915 kuivuta hadi 999.

Mtu aweza kuuliza kwa nini tunashughulika hivi na neno moja. Sababu ni kwamba katika Bonde la Ufa swali la nani alianza ni swali la nani abaki. Wamaasai walipoandamana Agosti 2004, mwaka wa mia tangu mkataba wa Olonana, walidai kwa hoja ya kutangulia. Miaka ya 1992 na 2008 majirani walichinjana na kuchomeana nyumba Molo, Njoro, Nakuru na Naivasha, na waliofukuzwa waliitwa wageni na madoadoa, ijapokuwa wengi walizaliwa hapo na wazee wao waliingia kama skwota wa akina Delamere. Neno wenyeji likawa silaha. Aliyefundishwa shuleni kwamba mji una mwanzilishi mmoja, na kwamba aliyeanza ndiye mwenyewe, atamtafuta mwanzilishi wake na kumpata; akishampata, aliyekuja wa pili yuko hatarini. Delamere ametuachia namna hii ya kufikiri pamoja na ngano. Wanaomchukia nao huitumia.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba waandishi wa vitabu vya shule waache kuandika kuwa Nakuru ilianzishwa na Lord Delamere, na badala yake waandike takriban hivi: Nakuru ilianza kama stesheni ya reli mwaka 1900, katika malisho ya Wamaasai walioondolewa kwa mkataba wa mwaka 1904, ikakuzwa na mashamba ya masetla, ambao Lord Delamere alikuwa mkubwa wao, na kwa kazi ya maskwota, vibarua na wafanyabiashara waliotoka kila upande. Sentensi hii ni ndefu mara kadhaa kuliko ile ya kwanza, na mhariri mmoja aliyeonyeshwa alilalamika kwamba haiingii katika kisanduku cha maswali ya mtihani. Tumemjibu kwamba kisanduku chaweza kupanuliwa.